Chupa Sita za Kisima cha Mtoni

Tatu mwanangu,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, nimekuona mchana huu ukila wali kwa samaki huku ukibishana na mama yako kuhusu uzito wa begi. Yangu kwa nje ni nzima. Ya ndani utaisoma humu, lakini twende taratibu, maana mkono wangu haujazoea mwendo mrefu.

Umekwenda Kawe kumuaga shangazi yako. Mama yako yuko uani anakaanga visheti vyako vya safari. Mie nimejifungia chumbani tangu tuliposwali alasiri, nimelikodolea macho daftari hili. Unajua baba yako si mtu wa kalamu. Nimesoma ngumbaru tu, jioni, nikitoka shimoni na tope magotini, na mwalimu alisema herufi zangu zinatembea upande kama kaa. Hata hivyo darasa zima ni mie peke yangu niliyeandika jina langu bila kutazama ubao. Wenzangu wote wanalijua hilo, hata wakikataa.

Sitakuandikia habari za baridi ya Uholanzi uendako kusoma, wala uvae nini. Hayo mama yako kakwambia mara nne na leo atakwambia ya tano. Mie nina langu. Ni kuhusu zile chupa za maji.

Niache nijisifu kwanza, maana nikianza na lile lenyewe kalamu itakataa. Tangu Mtoni hadi Kunduchi hakuna mchimba visima wa mkono, wa rika langu, anayeweza kusimama mbele yangu. Nilikuwaga nafika kiwanjani navua viatu, natembea nakanyaga kwa kisigino, nasema hapa. Wanachimba pale, maji. Wenzangu walishika vijiti, wengine walisoma dua, mie kisigino tu. Na kisima kikishatoa maji desturi yetu ilikuwa moja. Kikombe cha kwanza anakunywa mchimbaji, mbele ya wenye nyumba, kabla haijasomwa Fatiha. Ukinywa ukabaki umesimama, kisima kimepita. Hicho ndicho kilikuwa cheti chetu sie. Maabara ya mji huu ilikuwa tumbo la baba yako Kondo.

Sasa nikusimulie jambo ambalo hujalisikia mpaka mwisho, kwa sababu kila nikilisimulia barazani naliishiaga katikati, pale ninapoonekana mshindi.

Kabla hujazaliwa nilichimba kisima Kunduchi, kwa mwenye duka mmoja Mwarabu, Mwarabu wa hapa hapa, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Maji yalitoka matamu, nikanywa kikombe changu, watu wakaitikia amina. Baada ya miaka miwili akaniita. Alinipa kiti, akaniulizia hali za nyumbani moja moja, ndipo akasema, kwa upole kabisa:

"Kondo ndugu yangu, siku hizi mke wangu akiniletea chai nauliza kama ni supu."

Mtu mwingine angecheka, akaonja, akasema kweli maji yameingia chumvi, tufanyeje. Mie nilimwambia ulimi wake umezeeka. Nikaagiza yachotwe. Nikanywa vikombe vitatu nimesimama, bila kukunja uso, familia yake nzima inanitazama, nikafuta mdomo nikaaga. Nilipofika Mtoni nilishinda chooni siku mbili. Mama yako ananiuliza nimekula nini huko, nasema pweza.

Yule bwana hakubishana na mie tena. Alikifunika kisima kwa bamba la zege, na kila tulipokutana alinisalimu vizuri. Mie nikahesabu kwamba nimeshinda. Ningekubali siku ile ningejifunza kwamba karibu na bahari ukizidi kwenda chini, chumvi unaifuata mwenyewe. Sikujifunza. Nikachimba vingine viwili kule kule kwa kina kile kile, na nyumba mbili zikanywa chumvi kwa sababu ya mdomo wangu.

Nakwambia haya ili ujue kwamba lililotokea mwaka huu halikuanza mwaka huu.

Ulipoingia kusomea uinjinia wa maji, mtaa mzima ulijua. Niliwachosha watu. Nilisema damu imekwenda mkondo wake, baba anachimba, mwana anasafisha. Na wewe na wenzako wa chuoni mlipotengeneza kile kifaa chenu, ambacho kina mama wameshakipa jina la kibuyu, mie ndiye niliyekuwa nakieleza barazani kama vile nilikichora mwenyewe. Kinafungwa kwenye mdomo wa bomba, maji yakipita yanajichukulia dawa kidogo kidogo, hakuna umeme, hakuna betri, hata mtoto anaweza kukijaza. Nilisema na moyo wangu ulikuwa unafurika kweli. Miaka arobaini nimewapa watu maji. Wewe ulikuwa unawapa maji yasiyouma tumbo.

Ulinieleza kwamba vibuyu bado ni vichache, kwa hiyo mtapima visima ishirini kwa miezi sita, chupa moja kila mwezi, vitakavyoonekana vichafu zaidi vifungiwe kwanza. Kisima chetu hiki, ambacho uchochoro mzima unachota, kikaingia kwenye orodha. Ukasema si vizuri wewe mwenyewe uchote kwa baba yako, watu watasema umependelea, kwa hiyo nitachota mie mwenye kisima kama wenye visima wenzangu, na bodaboda wa maabara atapita kuchukua. Ukanikabidhi chupa ya kwanza na kifuniko chake. Ukanifundisha: usiguse mdomo wa chupa, jaza, funga, weka kwenye barafu. Hukusema nisichemshe. Ungesemaje? Nani angefikiria?

Tatu, ile chupa ya kwanza sikuwa na nia mbaya. Unajua sie watu wa huku. Chombo kikitoka nyumbani kwenda kwa watu hakiendi hivi hivi. Sahani ya jirani unaiosha na unaitia kitu ndipo unairudisha. Mgeni ukimpa maji unayatazama kwanza kwenye mwanga. Nikaona chupa hii inakwenda chuoni, wataitazama wasomi wenzako, imeandikwa Mtoni, kwa Mzee Kondo. Nikachukua kitambaa cheupe nikachuja. Nikaweka sufuria jikoni nikayachemsha mpaka yakatokota vizuri, nikayapoza, nikajaza, nikafunga, nikaweka barafuni. Niliona nimekutunzia heshima yako. Mama yako alidhani nataka kuoga.

Majibu yakarudi. Ulikuja mwenyewe, hukupiga simu. Ukasimama hapo mlangoni ukasema, "Baba, visima vyote hakuna kilichofikia chako. Hakuna hata mdudu mmoja." Nilitoka nje nikakaa barazani mpaka maghrib, na kila aliyepita aliambiwa.

Usiku huo huo wakati wa kula, ukiwa unaongea na mama yako, si na mie, ukasema jambo jepesi tu. Mama yako aliuliza kwani watu wakichemsha maji yao tatizo liko wapi. Ukamjibu kwamba wengi hawachemshi, mkaa uko wapi, ndiyo maana mnataka maji kama yanavyotoka kisimani, mjue watu wanakunywa nini.

Tonge lilinikaa mkononi. Pale ndipo nilipoelewa. Ilikuwa rahisi, mwanangu. Ilikuwa niseme, Tatu, baba yako kafanya ushamba, lete chupa nyingine. Ungecheka mpaka ulie. Mama yako angenitania mpaka Idi. Na yangeishia hapo.

Nikala. Nikasema samaki leo ana chumvi.

Chupa ya pili nilichemsha najua. Ya tatu nikafunga mlango wa jiko. Ya nne na ya tano nilimtuma mama yako dukani kwanza. Ya sita sikuhitaji hata sababu, mkono ulishazoea.

Nitakwambia kwa nini niliogopa hivyo, maana si majivuno peke yake. Choo cha nyumba ya wapangaji, ng'ambo ya uchochoro, shimo lake nilichimba mie. Mwenye nyumba aliniuliza kama si karibu sana na kisima. Nikapiga hatua mbele yake, nikahesabu hatua kumi na moja, nikamwambia ardhi ya hapa inachuja, naijua kama kiganja changu. Siijui. Sikuwahi kuijua chini ya pale ninapoishia kuchimba. Kwa hiyo ulipoleta chupa zako mie ndiye mtu pekee mtaani aliyekuwa na sababu ya kutaka zijibu kweli, na mie ndiye niliyezifunga mdomo.

Halafu ukaja ule mkutano wa serikali ya mtaa. Ukasimama mbele na karatasi yako, shikamoo kwa wazee, salamu kwa wote, ukataja visima vitakavyofungiwa vibuyu. Chetu hakimo. Kina mama wa uchochoroni kwetu wakanung'unika, wakasema injinia katoka kwetu na sisi hatupati. Wewe ukawa unawaeleza kwa upole. Nami nikasimama, mie baba yako, nikasema, "Dawa wanapelekewa wagonjwa. Kisima changu kina homa gani?" Walicheka, wakapiga makofi. Na wewe ulicheka. Nikikumbuka ule uso wako ukicheka natamani kuliingia shimo lolote kati ya niliyochimba.

Masika yakaja. Unakumbuka mvua ile, maji ya uchochoroni yalipanda mpaka kwenye ngazi ya pili. Wiki ile Asia, mjukuu wa Bi Mgeni, akaanza kuharisha. Bi Mgeni jirani yetu unamjua, hana mtu mwingine duniani zaidi ya kile kitoto. Siku ya pili mtoto hakuweza kushika kichwa. Mie ndiye niliyembeba mpaka barabara ya Kilwa kutafuta bajaji, na alikuwa mwepesi, Tatu, mwepesi kama kanga iliyokauka. Siku nane kwenye dripu.

Hospitali nesi aliuliza mnakunywa maji gani. Nilikuwa nimesimama pale pale. Bi Mgeni akajibu kwa kujiamini, "Maji yetu yamepimwa, mama. Kayapima injinia, binti wa huyu mzee hapa." Nesi akaandika, akauliza vyakula. Mtoto alikunywa nini kingine? Juisi. Juisi ya nani? Ya Mama Pili.

Ndivyo ilivyokuwa. Mama Pili na meza yake ya juisi ya ukwaju pale kona. Ukwaju wake hauna kosa, ndoo yake naiona kila siku inang'aa. Maji ya juisi ile yalikuwa yangu. Lakini watu walipokwisha kusikia hospitali wameuliza juisi, nani atanunua? Wakaanza kupita upande wa pili. Wengine wakamuuliza anachanganya kwa mkono au kwa mwiko. Mwanamke yule alikaa na ndoo iliyojaa siku tatu mfululizo akimwaga jioni, halafu akaikunja meza. Alipita hapa kuniaga akasema, "Mzee Kondo, na nilikuwa natumia maji ya kisima chako safi hiki, sijui nilikosea wapi." Alikuwa ananiuliza kweli. Alitaka nimsaidie kufikiri. Nikamwambia ni mitihani ya Mungu.

Sikuwahi kusema neno baya kuliko hilo, na nilimsingizia Mungu mwenyewe.

Sasa nije kwako, maana kwako ndiko kosa langu linakonikosesha usingizi. Asia alipotoka hospitali, wewe ulinijia. Uliketi kwenye kibao pale uani, ukasema taratibu, "Baba, ule ugonjwa wa Asia unanisumbua. Nichote mwenyewe chupa moja, tupime upya?"

Ulikuwa umeshaushika ukweli. Bila mtu kukuonyesha ulikuwa umefika mlangoni kabisa. Na mie nilikupigia kelele. Nilikuuliza kama umesomeshwa ili uje univue nguo mtaani. Nikasema wewe bado hujazaliwa watu wanakunywa kwa mkono wangu. Nikasema na mengine, unayakumbuka, siyaandiki.

Ukasema, "Samahani, baba. Sikukusudia kukukosea." Ukainuka ukaenda kumsaidia mama yako kuanua nguo, na hukuuliza tena.

Mie wizi wa chupa sita naweza kuubeba. Lakini injinia wa maji kumwomba radhi mtu kwa sababu ameuliza kuhusu maji, hilo nimelifanya mie, na nimelifanya kwa kutumia jina la baba. Nakuomba ulichukue tena lile neno samahani. Halikuwa langu. Na huko uendako, ukikutana na mzee anayekipenda kisima chake, mwamkie, kunywa kahawa yake, msikilize anavyojisifu, halafu chota mwenyewe. Akikupigia kelele, chota mbili.

Juzi ulinionyesha picha kwenye kompyuta yako. Ile utakayowaonyesha walimu wako wapya, mie nimesimama kando ya kisima, mkono kiunoni, na maneno pembeni ambayo ulinisomea: kwamba kisima hiki kilichochimbwa kwa mkono kimekuwa safi miezi yote sita, na mnataka kujifunza kutoka kwenye ujenzi wake ili wengine waige. Waige, Tatu. Wachimbaji wa nchi nyingine waige hatua zangu kumi na moja. Ulisema, "Baba, wazungu watakujua." Ulikuwa na furaha kuliko siku uliyopata shahada. Nikakwambia picha imenitoa tumbo kubwa.

Tangu siku hiyo sijala vizuri, na mama yako anadhani ni kwa sababu unaondoka.

Kwa hiyo sikiliza. Chupa zote sita za Mtoni kwa Kondo ni maji yaliyochemshwa. Zitoe kwenye hesabu zenu. Toa picha. Usiwaambie wenzako kwamba mzee hakuelewa maelekezo. Nilielewa kuanzia ya pili. Sema hivyo hivyo, na jina langu litaje, nimelitaja mwenyewe kwa mambo madogo zaidi ya haya. Bodaboda wa maabara hana kosa. Mama yako hajui lolote mpaka dakika hii ninapoandika, lakini nitamwambia nikimaliza, ndipo nimpe hii barua akukabidhi.

Kwanza nilipanga niifiche kati ya nguo zako, uikute ukishafika. Nikajiambia nisikuharibie safari. Halafu nikautambua ule ujanja, ni ule ule wa kumtuma mama yako dukani. Kwa hiyo utaipata leo ukirudi kutoka Kawe, wakati ukiwapigia simu wenzako wa chuoni bado wanapokea. Sijui itafanya nini. Pengine mwalimu wako atasema kazi yote ya visima ishirini sasa ina shaka. Pengine watakwambia usubiri, usisafiri kwanza. Ukisubiri, utakuwa umesubiri kwa sababu yangu, na ukitaka kukaa humu ndani bila kunisemesha, kaa. Chakula kitakuwepo.

Wala usije chumbani kwangu kuniambia hakuna shida. Nakujua, una moyo wa mama yako, utataka kunifuta machozi kabla hujafuta yako. Shida ipo. Asia mpaka leo akikimbia anakaa chini katikati ya mchezo, anapumzika kama mtu mzima.

Nimefanya jambo moja kabla ya kuandika. Nimefungua mpini wa pampu ya kisima, nimeung'oa na msumari wake, niko nao hapa chumbani. Ukirudi kabla ya giza, chukua chupa mpya kwenye begi lako la kazi, nitafunga mpini tena kwa dakika tano, na utachota wewe kwa mkono wako. Mie nitasimama mbali. Kibuyu kimoja mlichobakiza kwa ajili ya maonyesho kipo kwenye kabati la mama yako, nimekiona. Sikiombi. Wewe ndiye unayejua nani apewe.

Kwa Mama Pili nitakwenda mwenyewe Ijumaa baada ya swala, huko kwa dada yake alikohamia. Nitamwambia mbele ya huyo dada yake.

Na sasa usikasirike kwa hili la mwisho. Kesho sitakusindikiza uwanja wa ndege. Mama yako atakwenda na wewe, na mjomba wako ndiye atakayeendesha. Nilikuwa nimeshanyoosha kanzu, iko ukutani, na unajua nilivyokuwa nikijigamba barazani kwamba nitaingia na wewe mpaka pale wanapokataza. Lakini gari yenu inatoka alfajiri, na alfajiri ndiyo saa ambayo uchochoro wote unakuja na ndoo. Watakuta pampu haina mkono. Mtu lazima awe amekaa pale juu ya mfuniko wa kisima awaambie kwa nini, na Bi Mgeni huwa anafika wa kwanza.

Baba yako,
Kondo